Kompyuta za Nyumbani Hazifunguliani Mafaili: Dalili, Sababu na Marekebisho

Mwongozo huu ni wa nyumba yenye kompyuta mbili au tatu za Windows 10 au 11 zinazotumia ruta moja, iwe ya laini ya simu au ya faiba, na watu waliochoka kuzunguka na flashi mkononi. Hitilafu nimezipanga kwa jinsi wenyewe wanavyozieleza: haionekani, inakataa nenosiri, inafunguka lakini haikubali kuhifadhi, inachukua saa nzima. Chini ya kila dalili, sababu inayotangulia ndiyo inayokutwa mara nyingi zaidi. Majina ya menyu nimeyaacha kama yalivyo kwenye Windows ya Kiingereza, kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye kompyuta nyingi za kwetu.

Wengi huogopa kwamba kushea folda kutawamalizia bando. Hapana. Faili linalotoka kompyuta ya sebuleni kwenda ya chumbani linaishia kwenye ruta na kurudi. Halifiki kwenye mnara wa kampuni ya simu. Hata bando likikatika usiku, kushea kunaendelea. Kuwa mwangalifu tu na folda zinazolishwa na OneDrive au Google Drive, maana faili lolote utakaloweka humo litapandishwa intaneti, na hilo linalipiwa.

Jingine nalisema mapema kwa sababu linaniuma. Mafunzo mengi ya video hukuambia uzime faiawoli (ukuta unaochuja mawasiliano ya kompyuta), uondoe nenosiri la kushea, na uwashe SMB1, lugha ya kale ya kushea mafaili. Ukifuata, mara nyingi folda itafunguka. Lakini hutajua hitilafu ilikuwa wapi, na kirusi cha kwanza kitakachoingia kwenye laptopu ya mtoto kitakuwa na njia nyeupe ya kuzifikia kompyuta zote za nyumba. Hakuna tatizo hata moja katika mwongozo huu linalodai uvue ulinzi wote namna hiyo.

## Vipimo vitatu kabla ya kugusa chochote

Tuiite A kompyuta yenye folda, na B ile inayotaka kuifungua.

Kwenye kila moja, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `cmd`, kisha kwenye dirisha jeusi andika `ipconfig`. Tazama mstari wa IPv4 Address (anwani ya kompyuta) na ule wa Default Gateway (anwani ya ruta). A ikiwa na 192.168.1.10 na B 192.168.1.23, na gateway ya zote mbili ni 192.168.1.1, ziko mtandao mmoja. Mafungu matatu ya mwanzo yakitofautiana, tuseme moja ni 192.168.8.x na nyingine 192.168.0.x, hizo ni mitandao miwili hata kama zote zinapata intaneti vizuri. Ukikuta anwani inayoanza na 169.254, kompyuta hiyo haijapewa anwani na ruta kabisa. Shughulika kwanza na Wi-Fi yake au waya wake. Mengine yote yasubiri.

Kipimo cha pili: ukiwa B, andika `ping 192.168.1.10` (weka anwani halisi ya A), amri inayobisha hodi kwa A na kusubiri jibu. Majibu yakirudi, njia ipo. Yasiporudi usihitimishe kitu bado, kwa sababu kompyuta nzima kabisa inaweza kukataa kujibu ping kutokana na mipangilio yake ya usalama.

Cha tatu ndicho chenye uzito. Ukiwa B, bonyeza Windows na R, kisha andika `\\192.168.1.10` na ubonyeze Enter. Folda zikitokea, tatizo lako lilikuwa jina au orodha tu, na unaweza kuishi hivyo. Ikikuomba jina na nenosiri, mtandao ni mzima na suala ni akaunti. Ikitoa kosa 0x80070035, njia imezibwa mahali fulani. Kuanzia hapo nenda moja kwa moja kwenye dalili inayokuhusu.

## “Siioni kabisa kwenye orodha ya Network”

Anza na hali ya mtandao kwenye A. Ukiunganisha Wi-Fi mpya, Windows 11 huuchukulia mtandao huo kuwa wa mahali pa umma, kama hoteli au kituo cha basi, na kuificha kompyuta. Fungua Settings, kisha Network & internet, ingia kwenye sifa za Wi-Fi au waya unaoutumia, na uchague Private network. Fanya hivyo kwenye kompyuta zote mbili. Halafu, chini ya Advanced network settings, fungua Advanced sharing settings uwashe Network discovery na File and printer sharing kwenye sehemu ya Private peke yake. Ile ya Public iache imezimwa, maana laptopu hiyo hiyo kesho inaweza kuwa kwenye Wi-Fi ya mgahawa.

Sababu ya pili ni kompyuta kuwa mitandao tofauti bila mwenye nyumba kujua. Mmoja yuko kwenye Wi-Fi ya wageni, ambayo ruta huitenga makusudi. Mwingine amejiunga na hotspot ya simu yake kwa kuwa jana intaneti ilisumbua, na laptopu ikakumbuka. Lakini kesi ngumu kuliko hizo ni ya nyumba yenye ruta mbili: ya kampuni ya intaneti, na nyingine iliyonunuliwa ili mawimbi yafike vyumba vya nyuma. Ruta ya pili ikichomekwa kwa tundu la WAN, yaani lile la kupokea intaneti, hujitengenezea mtandao wake. Dalili yake ni ya kipekee: kompyuta iliyo nyuma ya ruta ya pili inaifungua ile ya mbele, ila ya mbele haiwezi katu kuifikia ya nyuma. Ukiona upande mmoja unafanya kazi na mwingine haufanyi, hesabu ruta kabla ya kugusa Windows. Dawa ni kuiweka ruta ya pili kwenye hali ya access point, yaani isambaze mawimbi tu bila kujitengenezea mtandao. Kama haina chaguo hilo, ipe kwanza anwani isiyotumika iliyo ndani ya mtandao wa ruta kuu, zima DHCP yake (kazi ya kugawia vifaa anwani), kisha uhamishie waya kwenye tundu la LAN, yaani moja ya yale ya vifaa vya ndani.

Hali ya mtandao ikiwa sawa na mtandao ni mmoja, zitazame huduma zinazoitangaza kompyuta. Andika `services.msc` kwenye lile dirisha la Windows na R, tafuta Function Discovery Resource Publication na Function Discovery Provider Host, uziwashe na kuziweka Automatic. Ya kwanza ndiyo inayoitangaza A kwa wenzake. Isipowaka, A itakuwa nzima lakini haitaonekana.

Na hata baada ya yote hayo, orodha ile huchelewa, husahau, na mara nyingine huonyesha kompyuta iliyozimwa zamani. Nashauri usiitegemee. Ipe folda, hapa naiita Pamoja, herufi yake ya kudumu kwa kuandika hivi kwenye cmd ya B:

`net use Z: \\192.168.1.10\Pamoja /persistent:yes`

Tangu hapo folda inakaa kama Z kwenye This PC, na hutahitaji kuitafuta tena.

## “Inasema 0x80070035” au “jana ilifanya kazi, leo haipo”

Kwanza kabisa: A imelala? Laptopu iliyofungwa kifuniko haishei kitu, na deskitopu nyingi hulala zenyewe zisipoguswa kwa muda. Kwenye Settings, System, Power, weka isilale ikiwa kwenye umeme. Kuzima kioo peke yake hakuna shida.

Pili, anwani imebadilika. Umeme ukikatika na kurudi, ruta huwasha na kugawa anwani upya, na A iliyokuwa .10 sasa ni .14. Njia ya mkato ya jana inabisha hodi kwenye anwani isiyo na mtu. Tiba ya kudumu ni kuingia kwenye ukurasa wa ruta, anwani yake ni ile ya Default Gateway, na kuifungia A anwani moja. Chaguo hilo huitwa Address Reservation au Static DHCP kutegemea ruta. Ukishalifanya, tatizo la “jana ilifanya kazi” hupungua sana.

Tatu, antivirusi yenye faiawoli yake yenyewe. Laptopu nyingi huja dukani na antivirusi ya majaribio. Muda wake ukiisha, nyingine hubaki zikizuia mawasiliano na huku hazilindi chochote. Pima hivi: kwenye B fungua PowerShell na uandike `Test-NetConnection 192.168.1.10 -Port 445`. Mlango wa 445 ndio Windows inaoutumia kushea mafaili. Mstari wa TcpTestSucceeded ukisema True, njia iko wazi na kosa lipo kwingine. Ukisema False ilhali ping inajibu, kuna kinachozuia kwenye A. Antivirusi unayoilipia iambie mtandao wa nyumbani ni wa kuaminika. Iliyokwisha muda iondoe kabisa. Defender ya Windows itashika nafasi yake yenyewe.

VPN, programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye njia ya siri, nayo ni mshukiwa wa kawaida, hasa kwa anayefanya kazi za nje kutoka nyumbani. Programu nyingi za VPN hufunga mawasiliano yote ya ndani zikiwa zimewashwa. Izime kwa dakika moja ujaribu. Ikiwa ndiyo yenyewe, ndani ya mipangilio yake tafuta ruhusa ya mtandao wa ndani.

Kuna pia utengano wa Wi-Fi, unaoandikwa AP Isolation au Client Isolation kwenye ruta. Kila kifaa kinapata intaneti lakini hakuna kinachomfikia mwenzake. Ukichomeka A na B kwa waya kwenye ruta na mambo yakaenda, kisha ukirudi Wi-Fi yanakwama, umempata mhalifu.

Kwa nadra, huduma iitwayo Server imezimwa kwenye A, au Workstation kwenye B. Zote mbili zipo kwenye `services.msc` na zinapaswa kuwa zinafanya kazi.

Ukishamaliza hayo yote, na si kabla, unaweza kutumia Network reset ya Windows. Itafuta maneno ya siri ya Wi-Fi yaliyohifadhiwa na itavuruga VPN, kwa hiyo yaandike pembeni kwanza.

Simama hapa kama huwezi kuingia kwenye ukurasa wa ruta. Usibonyeze kile kitundu cha reset kwa ncha ya pini, hasa kwa ruta ya faiba. Humo mna mipangilio iliyowekwa na fundi wa kampuni, na ikifutika nyumba nzima inakosa intaneti mpaka warudi. Wapigie simu, uwaombe wakufungie anwani au wakuzimie utengano wa Wi-Fi. Ni kazi ndogo kwao.

## “Inaomba jina na nenosiri, na kila ninaloandika inakataa”

Hii ndiyo dalili inayochosha watu kuliko zote, na ndiyo inayowafanya wazime ulinzi. Nitakaa nayo zaidi.

Jina na nenosiri vinavyoombwa ni vya A, kompyuta yenye folda. Watu huandika vya B walikokaa, na hapo tayari wamekosea. La pili: PIN haitumiki kwenye mtandao. Zile namba nne au sita unazofungulia laptopu zinafanya kazi kwenye kompyuta hiyo tu, ukiwa umekaa mbele yake. Kama A inafunguliwa kwa akaunti ya Microsoft, kinachotakiwa ni barua pepe nzima na nenosiri la akaunti hiyo. Na hata ukiliandika sawasawa linaweza kukataliwa, ikiwa tangu A inunuliwe imefunguliwa kwa PIN au uso tu, kwa sababu Windows ya A haijawahi kulishika nenosiri lenyewe.

Badala ya kupigana na hayo, tengeneza akaunti ndogo kwenye A kwa ajili ya kushea tu. Fungua cmd kwa kubofya kitufe cha kulia na kuchagua Run as administrator, kisha andika:

`net user pamoja * /add`

Itakuuliza nenosiri mara mbili. Herufi hazitaonekana unapoandika, na hiyo ni kawaida. Baada ya hapo, kwenye B, jina liandike pamoja na jina la A mbele yake. A ikiitwa SEBULENI, unaandika `SEBULENI\pamoja`. Hutampa mtu yeyote nenosiri la barua pepe yako, na siku ukitaka kumtoa mtu unabadilisha nenosiri la akaunti hii tu. Kama nyumba yako ina watu wanaoingia na kutoka, wapangaji, ndugu wa likizo, wanafunzi wa tuisheni, sioni njia iliyo bora kuliko hii.

Akaunti isiyo na nenosiri kabisa nayo hukataliwa. Windows huiruhusu akaunti ya namna hiyo kufunguliwa mbele ya kompyuta, lakini huizuia mtandaoni, na ni vizuri inavyofanya. Iwekee nenosiri.

Kama ulishawahi kuandika vibaya ukaweka tiki ya kukumbuka, B inaendelea kutuma jina la zamani kimyakimya. Andika `cmdkey /list` kuona yaliyohifadhiwa, kisha `cmdkey /delete:192.168.1.10` kulifuta la A. Kosa namba 1219, linalolalamika kuhusu kutumia majina mawili kwa kompyuta moja, linaondoka kwa `net use * /delete` na kuwasha B upya.

Kuna ujumbe mwingine mrefu unaosema sera za usalama za taasisi yako zinazuia wageni wasio na utambulisho. Watu hushtuka: taasisi gani, na hii ni kompyuta ya nyumbani? Maana yake ni kwamba folda uliyoifuata haina nenosiri, kwa kawaida diski iliyochomekwa kwenye USB ya ruta au kisanduku cha kuhifadhia mafaili, na Windows mpya haikubali tena kuingia mahali kama mgeni asiye na jina. Kwenye Windows 11 Pro zuio hilo lilikuja na toleo la 24H2 la mwaka 2024. Usilifute zuio, kipe kile kifaa jina na nenosiri kwenye ukurasa wake wa mipangilio. Toleo hilo hilo la Pro linadai pia kila mawasiliano yawe na saini ya kidijitali, na kifaa kisichoweza kutia saini huleta kosa 0xc000a000. Tafuta sasisho la programu ya kifaa hicho kutoka kwa mtengenezaji wake.

Ya mwisho ni nadra kidogo, ila kwetu nadhani ipo kuliko inavyosemwa. Maduka mengi huweka Windows kwa kunakili diski moja iliyokwisha andaliwa kwenda kwenye kompyuta kadhaa. Kunakili bila kuandaa vizuri huzipa kompyuta zote kitambulisho kimoja cha ndani, kiitwacho SID. Zamani haikuleta shida nyumbani. Kuanzia masasisho ya tarehe 29 Agosti 2025, Windows 11 za 24H2 na 25H2 hukagua kitambulisho hicho, na kompyuta mbili zenye SID moja hukataana: unaombwa nenosiri, unaliandika sahihi, unaombwa tena bila mwisho. Andika `whoami /user` kwenye A na B. Utaona mlolongo unaoanza na S-1-5-21 ukifuatiwa na namba tatu ndefu. Namba hizo tatu zikifanana kabisa kwenye kompyuta zote mbili, acha kutafuta. Hakuna nenosiri litakaloliponya hilo.

Simama hapa ukikuta SID zinafanana. Kinachotakiwa ni moja ya kompyuta kuwekewa Windows upya kutoka mwanzo, baada ya mafaili kuhifadhiwa pembeni. Programu za mitaani zinazodai kubadilisha SID kwa kubofya mara moja usiziguse, kwa kuwa zinaweza kuiharibu Windows iliyokuwa inafanya kazi. Ikiwa kompyuta zilinunuliwa duka moja, rudi nazo huko huko.

## “Inafunguka, lakini siwezi kuhifadhi wala kufuta”

Ruhusa za Windows ziko ngazi mbili: ni kama geti la nje na mlango wa chumba, na lazima vyote viwili vifunguliwe. Geti ni kichupo cha Sharing kwenye sifa za folda. Mlango ni kichupo cha Security. Wengi hufungua geti kwa kuweka Full Control, wakasahau mlango. Yenye masharti makali kati ya hizo mbili ndiyo inayoshinda.

Angalia Sharing kwanza: Advanced Sharing, Permissions, mtumiaji “pamoja” awe na Change na Read. Kisha Security: mwongeze huyo huyo, umpe Modify. Full Control hana haja nayo. Ukimkuta Everyone kwenye Sharing unaweza kumwondoa, ukiwa umeshamweka “pamoja”.

Mahali pa folda nako kuna maana. Watu hushea Desktop au Documents, ambazo zimefungamana na akaunti ya mtu na mara nyingi na OneDrive. Tengeneza folda mpya kwenye mzizi wa diski, kama `C:\Pamoja` au `D:\Pamoja`, ushee hiyo tu. Kamwe usishee diski C nzima.

Mafaili yaliyotoka kwenye kompyuta ya zamani huja na ruhusa za mwenyewe wa zamani. Ndani ya Security, Advanced, kuna chaguo la kuzifanya folda za ndani zifuate ruhusa za folda kubwa. Litumie kwenye folda ya Pamoja peke yake. Ukilifanya kwenye folda ya Windows au Program Files unaweza kuiua kompyuta.

Ikikataa faili kubwa tu, la video kwa mfano, na madogo yanapita, angalia diski ya nje imefomatiwaje. FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili kwenye diski, haibebi faili la kufika GB 4. Amri `convert E: /fs:ntfs` huibadilisha kuwa NTFS, mfumo unaobeba mafaili makubwa, bila kufuta kitu, mradi umehakikisha herufi ya diski ni hiyo. Hata hivyo mimi sianzi kabla ya kupata nakala ya vilivyomo.

## “Inakwenda taratibu mno”

Fanya hesabu kabla ya kulaumu. Ruta nyingi za bei nafuu za laini zina matundu ya waya ya 100 Mbps. Hizo ni biti. Kwa baiti unapata kama MB 11 kwa sekunde, yaani faili la GB 4 linachukua dakika sita hivi. Tundu la gigabiti hufika karibu MB 110, na faili hilo hilo linakwisha chini ya dakika moja. Ukiwa unapata MB 11, hakuna kilichoharibika.

Sababu inayoongoza ni A na B zote kuwa kwenye Wi-Fi. Kila kipande cha faili kinapita hewani mara mbili, kutoka A kwenda ruta na kutoka ruta kwenda B, kwenye mawimbi yale yale. Chomeka waya upande mmoja tu, ule wenye folda, na utaona tofauti. Waya wa Cat5e wa kufika chumba cha pili si ghali, na kwa wanaohariri video za harusi nyumbani ningeanza na huo kabla ya kufikiria ruta mpya. Kama lazima iwe Wi-Fi, tumia ya 5 GHz mkiwa karibu. Ile ya 2.4 GHz hupenya kuta vizuri zaidi lakini hugombaniwa na majirani wote.

Waya wenyewe unaweza kuwa ndio mbovu. Gigabiti inahitaji nyuzi zote nane. Mmoja ukikatika, mara nyingi kasi hushuka hadi 100 Mbps bila onyo lolote. Tazama Link speed kwenye Settings. Ikisema 100 pande zote zikiwa za gigabiti, badilisha waya.

Picha elfu kadhaa ndogo huenda polepole kuliko faili moja kubwa lenye uzito sawa. Zifunge kwenye zip moja kwanza. Na usisahau diski ya zamani inayozunguka ndani ya A. Mtandao hauwezi kuipita kasi yake.

Simama hapa kama diski inatoa sauti ya kugonga, au kunakili kunakwama kila mara kwenye faili lile lile. Diski hiyo inakufa. Usiendelee kujaribu, usiikague kwa programu ya kurekebisha, zima kompyuta na umpelekee mtu anayeokoa data kama kilichomo kina thamani kwako.

## Vifaa vya zamani, Mac na Linux

Runinga ya zamani, mashine ya kuskani au kompyuta ya Windows XP huongea SMB1, lugha ya kale ya kushea ambayo Windows 10 iliacha kuja nayo kuanzia toleo la 1709 mwaka 2017. Mwezi Mei mwaka huo huo kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani kwa kupitia tundu lililokuwemo ndani yake. Usiirudishe. Mashine ya kuskani iwekee ihifadhi kwenye flashi. Runinga ichomekee diski moja kwa moja. Mafunzo yanayokutaka uwashe HomeGroup nayo yapite, maana iliondolewa mwaka 2018 kwenye toleo la 1803.

Kwenye Mac, fungua System Settings, General, Sharing, washa File Sharing, kisha ndani ya Options weka tiki kwenye akaunti chini ya Windows File Sharing. Tiki hiyo ikisahaulika, Windows itakataliwa nenosiri siku zote. Kutoka Mac kwenda Windows, bonyeza Command na K ndani ya Finder uandike `smb://192.168.1.10`. Kwa Linux yenye Samba, programu yake ya kushea mafaili na Windows, nenosiri la kushea ni tofauti na la kuingilia. Liweke kwa `sudo smbpasswd -a` ikifuatiwa na jina la mtumiaji.

## Mahali pa kuacha kabisa na kuita mtu

Mafaili yakianza kubadilika majina yenyewe, yakiota viambishi vya ajabu mwishoni, au ukakuta ujumbe wa kudai fedha: chomoa waya wa mtandao na zima Wi-Fi kwenye kompyuta zote papo hapo, usifute chochote, usilipe, mtafute mtaalamu wa usalama. Kila dakika zikiwa zimeunganishwa, folda za kushea ndizo zinazofuata.

Laptopu ya ofisi usiibadilishe mipangilio hata kama unajua jinsi. Inaongozwa na sera za mwajiri, na kitengo cha tehama ndicho chenye ruhusa.

Ukitaka kufungua mafaili ya nyumbani ukiwa safarini, usifungue mlango wa 445 kwenye ruta kuelekea intaneti, wala usiiweke kompyuta kwenye DMZ, sehemu ya ruta inayoiacha wazi kwa intaneti nzima. Hilo linahitaji VPN ya nyumbani iliyowekwa na mtu anayeijua kazi.

Ruta au adapta inayonuka kuungua, au iliyopigwa na radi, ichomoe ukutani na usiifungue. Kupitisha waya ndani ya dari karibu na nyaya za umeme ni kazi ya fundi umeme.

Fundi akija, muwekee tayari mambo matatu: namba kamili ya kosa, kilichoandikwa na `ipconfig` kwenye kila kompyuta, na toleo la Windows linaloonekana ukiandika `winver`. Nenosiri la akaunti yako ya Microsoft usimpe. La “pamoja” linamtosha kujaribia, na akishaondoka libadilishe kwa `net user pamoja *`.